Kikapu cha Njia ya Nne

Kwanza nikiri kosa langu. Mara ya kwanza hadithi hii niliisimulia kwa kinyozi, na madoido yote, watu wanashika mbavu kwa kucheka, wala sikuangalia nani kalala kwenye kiti cha pembeni na taulo la moto usoni. Nilipofika mwisho, taulo likafunuka. Kumbe ni mume wa mwenye hadithi. Nikatafuta pa kujificha, pa kujificha hapakuwepo. Yeye akajifuta kidevu polepole, akaniambia, "Umesimulia vizuri, bwana. Ila kwenye koti umeongopa, na mke wangu hakulia. Siku ukirudia, rudia sawasawa."

Basi leo narudia sawasawa.

Mwenye hadithi watu walimwita Mama Fomu. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na duka la kopi na uchapaji lenye upana wa mlango mmoja na nusu. Ndani mlikuwa na mashine ya kopi ambayo kabla ya kazi ilikohoa kwanza, kama babu anayetaka kusalimiwa. Kompyuta mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kung'olewa vipuri. Shuka jeupe ukutani la kupigia picha ndogo. Na koti moja jeusi la suti, ambalo kila mteja alivalishwa kabla ya kupigwa picha, mume kwa mke, mnene kwa mwembamba. Wembamba walibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo. Mumewe, fundi bomba, alizoea kusema hakuna mtu mjini aliyeomba kazi nyingi kama lile koti.

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Fomu aliwajazia watu fomu. Za shule, za pasipoti, za kuomba kazi, za kuomba kuhamishwa kazi, na moja ya bwana aliyetaka kubadilisha jina kwa sababu lile la zamani lilikuwa linatafutwa na wake wawili. Alijua mteja atasaini wapi kabla mteja hajakaa. Lakini fomu yenye jina lake mwenyewe, tangu ile ya ndoa, hakuwahi kujaza. Kinyozi hajinyoi.

Ndipo yakaja Mashindano ya michezo. Mataifa themanini na kitu, uwanja mpya unanukia rangi, mabango barabara nzima, na tangazo: wanatakiwa watu elfu tano wa kujitolea. Mshahara hakuna. Utapewa koti la buluu, kofia, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na chakula cha mchana. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuliona lile koti la buluu. Foleni ya dukani ilipinda kona ikafika kwa fundi viatu.

Mama Fomu naye alitaka. Hakumwambia mtu, ila alitaka mpaka anakosa pa kuweka mikono. Na hakutaka kazi yoyote tu, alitaka moja. Miaka minne nyuma, akiwa sebuleni na mumewe, aliona kwenye tivii kabla ya mbio za mita mia: wakimbiaji wanavua nguo za kupashia mwili joto, wanazitupa kwenye vikapu, kila njia na kikapu chake, na nyuma ya kila kikapu kuna mtu amesimama. Njia ya nne alisimama mama mmoja wa makamo kama yeye. Mkimbiaji wa njia ya nne alitupa suruali, akatupa fulana, kisha akavua pete ya ndoa. Hakuitupa. Aligeuka akamtafuta yule mama usoni, akamwekea kiganjani. Yule mama akafumba mkono. Halafu wabeba vikapu wote wakageuka, wakaondoka kwa mstari mmoja, na mbio zikakimbiwa.

"Umemwona yule?" Mama Fomu aliuliza.

"Nani, aliyeshinda?"

"Yule mama. Yule ndiye aliyeaminiwa."

"Yule kabeba nguo zenye jasho," mumewe akasema. "Kama ni hizo, zangu zipo nyuma ya mlango. Nenda kaaminiwe."

Alicheka. Lakini mama wa njia ya nne hakumtoka kichwani.

Sasa, fomu ya kujitolea ilijazwa kwenye mtandao tu, na ilikuwa na sharti: anwani moja ya barua pepe, mtu mmoja. Wateja wengi hawakuwa na anwani, au walikuwa nayo lakini neno la siri linajulikana na binamu aliyehama. Kwa hiyo Mama Fomu aliwafungulia mpya, mmoja mmoja, na kila mmoja alitumiwa namba ya uthibitisho kwenye simu yake ndipo kazi iendelee.

Mteja wa kwanza kabisa, asubuhi ya siku ya kwanza, shuka la picha halijatundikwa, alikuwa wifi yake. Huyu ni dada mkubwa wa mumewe, miaka hamsini na mbili, na mji mzima ulimwita Spika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa anatangaza mabasi kwenye kituo kikuu. Alipewa kipaza sauti, ila waliomjua walisema kile alipewa kwa heshima tu. Basi likiwa lango la pili na abiria yuko chooni, Spika alimfikia. Miaka miwili nyuma kituo kilinunua mashine yenye sauti ya kurekodiwa, Spika akapewa cheti na kopo la sukari, akarudi nyumbani.

"Wifi yangu, nijazie hii kitu haraka haraka kabla sijaghairi!" aliingia akisema, na mashine ya kopi ikakohoa yenyewe.

"Kaa basi. Lete simu, nikufungulie anwani."

"Simu imezima. Kwani yako haitoshi? Si sisi ni wa ndani?"

Ni kweli, walikuwa wa ndani. Mtandao ulikuwa unasuasua, nje foleni inaanza, na Mama Fomu, kwa mazoea ya dukani, akatumia anwani yake mwenyewe. Alikuwa ameshafanya hivyo mara mia kwenye fomu nyingine, za wateja wasio na haraka ya majibu.

"Hapa wanauliza, kwa nini unataka kujitolea?"

"Andika nataka lile koti!" Spika akasema, akacheka mpaka fundi viatu akachungulia.

Mama Fomu akamwekea jibu aliloweka kwa kila mtu: *Napenda kuitumikia nchi yangu na kukutana na wageni.* Nafasi: kuelekeza watazamaji. Akatuma. Akamwita anayefuata.

Wiki mbili zikapita hivyo. Kila jioni alisema kesho najaza yangu. Kila kesho ikaja na foleni yake. Na si foleni tu. Lile swali, kwa nini unataka kujitolea, aliwajibia watu mia na arobaini bila kupepesa macho, lakini la kwake aliliandika kwenye karatasi akachana, akaandika akachana. Unamwambiaje mtu usiyemjua kwamba una miaka arobaini na saba na unataka kusimama nyuma ya kikapu?

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, na dirisha lilifungwa saa kumi na moja jioni. Saa kumi na nusu alishusha mlango wa chuma nusu, akavaa lile koti jeusi, akajipiga picha mwenyewe kwa kukimbia kutoka kwenye kamera hadi kwenye shuka. Picha ikatoka anahema kidogo. Haina neno. Akakaa, akaandika anwani yake.

Kompyuta ikamjibu: *Anwani hii tayari ina maombi.*

Akakumbuka fomu ya Spika. Akajaribu kufungua anwani mpya. Namba ya uthibitisho ikakataa kuja, kwa sababu namba yake ya simu nayo ilishatumika kwa wazee sita wasio na simu. Akampigia mumewe atumie yake. Mumewe alikuwa chini ya sinki la mtu, simu ikaita ikachoka. Saa kumi na dakika arobaini na nane.

Kwenye kioo, chini ya maombi ya Spika, kulikuwa na kitufe: *Badilisha taarifa.*

Macho yakaenda kwenye kitufe, yakaenda kwenye saa, yakarudi. Moyo ukaanza kujitetea kama wakili: si alisema anataka koti tu? Koti nitampa langu, Mashindano yakiisha. Na fomu ni ya anwani yangu. Na kama si mimi asingejaza kabisa. Ukiona moyo wako una sababu tatu kwa mpigo, ujue umeshaamua.

Akabonyeza. Ukurasa wa kwanza, picha: akatoa ya Spika, akaweka yake. *Imehifadhiwa.* Ukurasa wa pili, nafasi: akatoa kuelekeza watazamaji, akaweka vikapu, riadha. Na kwenye lile swali, kwa nini unataka kujitolea, vidole vikaandika vyenyewe kile kilichomshinda wiki mbili: *Nataka kuwa mtu anayeshikiwa kitu.* Akaona hakijakaa vizuri, akarekebisha: *anayeshikishwa kitu.* *Imehifadhiwa.* Ukurasa wa tatu, jina na namba ya kitambulisho.

Hapo akakwama. Jina la Spika lilikuwa limekaa pale, majina yote matatu, na la mwisho lilikuwa la baba mkwe, ambalo ndilo la mumewe pia. Kulifuta herufi moja moja kwa kidole chake mwenyewe hakuweza. Saa kumi na dakika hamsini na sita. "Ah, hapana," akasema peke yake, "hapana, mama, hapana," akaanza kurudi ukurasa wa pili arudishe, kisha wa kwanza arudishe picha. Kile kiduara cha mtandao kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Mama Fomu akasimama, akakaa, akaigonga meza, akaiomba kompyuta kwa jina la Mungu na kwa jina la aliyeiunda.

Kiduara kiliposimama, kioo kikasema: *Maombi yamefungwa. Asante kwa kujitolea.*

Ikabaki hivyo: jina la Spika, kitambulisho cha Spika, uso wa Mama Fomu.

Majibu yalitakiwa kuja ndani ya wiki tatu. Wiki tatu hizo Mama Fomu hakukaa wala hakusimama. Alifungua barua pepe kabla ya kufungua duka. Alitoa kopi za vyeti upande usio na maandishi, akampa mteja karatasi kumi nyeupe, na mteja akarudi kuuliza kama hiyo ndiyo mitindo mipya. Nyumbani alichanganya chumvi na sukari. Mumewe akamtazama akizunguka kati ya jiko na dirisha.

"Umemeza simu?" akauliza. "Maana unatetema halafu huongei."

Akamwambia. Yote, mpaka kile kiduara. Mumewe akaweka kijiko chini.

"Mwambie dada."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nimesema nitamwambia, wewe! Labda hata hatachaguliwa, kwa nini nimwage mtama kabla kuku hawajaja?"

Na Spika naye kila siku mlangoni, sauti imetangulia, mwili unafuata: "Wifi! Wametujibu?"

"Bado, wifi."

"Waambie nina haraka!"

Jumanne ya wiki ya tatu, saa mbili asubuhi, barua ikaingia. Jina la Spika, herufi kubwa. *Umechaguliwa kwa usaili. Nafasi: vikapu, riadha. Alhamisi, saa tatu asubuhi, uje na kitambulisho.* Na juu, upande wa kulia, picha ya Mama Fomu anahema.

Angeweza kuifuta. Niseme ukweli, kidole kilifika. Lakini Spika huyo mlangoni, na uso wa mwenye kusubiri hauna pazia, kwa hiyo Mama Fomu akasikia mdomo wake ukisema, "Wifi, umeitwa."

Spika alipiga kelele, basi la mtaani likasimama likidhani ni abiria. Akataka barua yake mkononi, kwenye karatasi. Mama Fomu akaichapa kwa wino ule wa akiba aliokuwa akiutumia kwa matangazo ya mbwa waliopotea. Picha ikatoka kama mtu aliyepigwa akiwa ndani ya gunia la mkaa.

"Huyu ndiye mimi?" Spika akauliza, akiisogeza mbali na macho.

"Wino, wifi. Wino una shida."

"Haya. Utanisindikiza?"

"Nitakusindikiza."

Alhamisi walipanda ngazi za jengo la ofisi hadi ghorofa ya pili. Korido ndefu, benchi la mbao, feni inayogeuza kichwa kama mtu anayekataa. Spika alikuwa amevaa gauni lake la sherehe. Mama Fomu alikuwa na pochi aliyoibana kwapani kama imejaa mayai.

Wakaitwa. Msaili alikuwa binti mwenye miwani na kitambulisho shingoni, na mbele yake kompyuta mpya, kioo kinang'aa.

"Karibuni, mama zangu. Nani kati yenu?"

"Mimi," Spika akasema, akaweka kitambulisho mezani.

Binti akatazama kitambulisho, akatazama kioo, akamtazama Spika. Kisha akamtazama Mama Fomu, kwa muda. "Mama, hii picha si yako. Ni ya huyu."

"Ni wino, mwanangu," Spika akamtuliza. "Wino wake una shida."

Binti akakigeuza kioo kiwaelekee. Mama Fomu alikuwa pale na rangi zake zote, na koti jeusi, na kibanio kimoja cha nguo kikichungulia begani.

Feni ya korido ikasikika.

"Sikilizeni," binti akasema, na hakusema kwa ubaya. "Nina watu sitini leo. Nani kafanya nini, sitauliza. Mfumo unaniruhusu kurekebisha ukurasa mmoja, mara moja, kabla ya saa nne. Nikibadilisha picha, nafasi ni ya mwenye jina. Nikibadilisha jina na namba, nafasi ni ya mwenye picha. Nafasi ni moja. Nendeni mkae hapo nje, mkubaliane, kisha mmoja aniletee kitambulisho chake."

Wakakaa kwenye benchi. Mama Fomu akasema yote kwa pumzi moja, kama anamsomea mteja fomu kabla ya kusaini: anwani, foleni, kitufe, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kiduara. Kwa kinyozi nilisema alilia. Hakulia. Alikuwa ametazama mikono yake, na alipofika kwenye wino akajilazimisha amtazame mwenzake.

"Nilidhani unataka koti tu," akamaliza.

Na hapa ndipo nilipoongopa kuhusu koti. Nilisema Spika alicheka, akasema kweli, nililitaka koti tu, nipe koti twende nyumbani. Watu kwa kinyozi walilipenda sana hilo. Halikutokea.

Spika aliongea polepole, kwa sauti ambayo Mama Fomu hakuwahi kuisikia, ya mtu wa kawaida.

"Koti ni ili wajue wa kumuuliza," akasema. "Wifi, mimi miaka kumi na tisa watu walikuwa wananiuliza. Basi gani, lango lipi, mama, mtoto wangu kapotea. Hata sokoni nilikuwa nasimamishwa. Sasa nina miaka miwili, hakuna mtu aliyeniuliza hata saa. Nikienda kituoni naisikia ile mashine inatangaza lango la tatu, na lango la tatu limefungwa tangu mwaka jana. Nawaambia watu, siyo huko. Wananitazama kama nimechanganyikiwa. Sina koti."

"Lakini nafasi hii si ya kuelekeza watu, wifi. Mimi ndiye niliyeibadilisha. Ni vikapu. Unasimama kimya nyuma ya kikapu."

"Nikiwa ndani ya koti, nikitoka uwanjani nitaulizwa tu."

Mlango ukafunguka kidogo, miwani ikachungulia. "Dakika tano, mama zangu." Ukafungwa.

Kitambulisho cha Spika kilikuwa juu ya goti lake. Akakigeuza, upande wa picha, upande wa saini. Kisha akaitazama pochi iliyobanwa kwapani mwa wifi yake, na macho ya mtu aliyekagua tiketi miaka kumi na tisa hayadanganyiki.

"Na wewe umekuja na chako," akasema.

Mama Fomu akafungua pochi. Kilikuwemo, ndani ya bahasha, pamoja na kopi mbili zilizogongwa muhuri. Alivitoa akaviweka kwenye benchi katikati yao. Ilibaki nafasi ya kiganja kimoja.

Akatafuta maneno. Maelfu ya barua alizowaandikia watu zilianza na neno lile lile, na yeye hakuwahi kujua lina uzito gani, kwa sababu siku zote lilibebwa na mwingine.

"Wifi," akasema. "Najua nimekosa. Nafasi niliichukua kwa jina lako, na jina lako ndilo lililoitwa. Ila kile kilichoandikwa mle, cha kushikishwa kitu, hicho nilikiandika mimi, na ni kweli. Naomba uniache niingie mimi."

Feni ikageuka kulia, ikageuka kushoto. Chini barabarani basi lilikuwa linapiga honi, likiita watu wake. Ndani, kiti cha binti kilisogezwa. Spika, ambaye sauti yake ilimfikia abiria wa lango la pili akiwa chooni, alikuwa ameshika kitambulisho chake kwa mikono miwili, anautazama mlango.

"Wifi," Mama Fomu akarudia. "Naomba."